SOMO LA AFYA: Karatasi ya maabara inaposema "sawa" na tumbo bado linauma

Karatasi ya maabara ikirudi bila alama yoyote ya hatari, watu wengi huikunja, huitia mfukoni na kurudi nyumbani. Kwa magonjwa mengi hilo halina ubaya. Kwa kidole tumbo kilichofura, damu inaweza kuwa ilitolewa mapema mno, au jibu lake lililinganishwa na viwango vya watu wa nchi nyingine. Somo la toleo hili linaeleza vipimo vya damu anavyofanyiwa mtu anayeshukiwa kuwa na ugonjwa wa kidole tumbo, na kwa nini jibu la kawaida halimalizi shauri, hasa kwa wakaazi wa Bonde la Ufa.

Kidole tumbo ni kijifuko chembamba, kwa kawaida cha urefu wa sentimita 6 hadi 10, kinachoning'inia mahali utumbo mwembamba unapoungana na utumbo mpana, upande wa kulia chini ya kitovu. Kina mdomo mmoja tu. Mdomo huo unaweza kuzibwa na kipande cha kinyesi kilichokauka, na tezi za ukuta wake zilizovimba au, mara chache, na minyoo. Ukizibwa, majimaji hukwama ndani, bakteria huzaana na kijifuko hufura. Kikifura sana damu haipiti vizuri kwenye ukuta wake, ukuta huanza kufa, na mwishowe hupasuka. Usaha na kinyesi vikimwagika ndani ya tumbo, upasuaji ambao ungechukua muda mfupi hugeuka kuwa kazi kubwa ya kuosha tumbo zima, siku nyingi za kulazwa, na wakati mwingine kifo.

Uwezekano wa kupasuka huwa mdogo katika saa 36 za kwanza tangu maumivu yaanze, kisha hupanda kadiri muda unavyosonga. Ndiyo sababu madaktari huuliza kwa ukali kidogo: "Yalianza saa ngapi?" Jibu la "tangu juzi" haliwasaidii sana.

Ipo dhana ya zamani kwamba huu ni ugonjwa wa watu wa mjini. Dhana hiyo haikutoka hewani. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Uganda kwa miaka mingi, aliandika mwaka 1971 kwamba kidole tumbo kilikuwa nadra kwa Waafrika wa vijijini, na akahusisha jambo hilo na vyakula vyao vyenye nyuzinyuzi nyingi. Wataalamu wamelijadili wazo lake tangu wakati huo. Lakini mtu wa Kuresoi anayekula mboga za kienyeji kila siku asidhani amekingwa. Ugonjwa huu humpata yeyote, na zaidi vijana kati ya umri wa miaka 10 na 30.

Damu hubadilika vipi

Mwili ukigundua maambukizi, huongeza askari wake. Askari hao ni chembechembe nyeupe za damu, na kikosi kinachofika kwanza kwenye maambukizi ya bakteria huitwa nyutrofili. Kipimo cha kuzihesabu ndicho wakaazi wengi hukisikia kikiitwa hemogramu. Damu kidogo hutiwa kwenye kichupa chenye kifuniko cha zambarau, ambacho kina dawa ya kuizuia isigande, kisha mashine huhesabu. Damu ikiganda kichupani hesabu huharibika, kwa hivyo mtaalamu wa maabara akiomba kutoa damu mara ya pili, asidhaniwe kuwa anamsumbua mgonjwa bure.

Kwenye karatasi hesabu ya chembechembe nyeupe huandikwa kwa herufi WBC. Viwango vinavyochapishwa kando yake kwa kawaida ni 4,000 hadi 11,000 katika kila maikrolita ya damu, ingawa mashine nyingi hufupisha na kuandika 4.0 na 11.0. Chini yake huwa kuna mgawanyo unaoonyesha nyutrofili ni asilimia ngapi ya hizo chembechembe. Mgawanyo huu una uzito kuliko watu wanavyodhani. Wakati mwingine jumla huwa bado iko ndani ya kiwango, lakini nyutrofili zimekwisha kupanda kupita asilimia 75, dalili kwamba vita vimeanza mahali fulani mwilini.

Mahali gani? Hapo damu haisemi. Jino bovu, nimonia, jipu, maambukizi ya figo na kidole tumbo vyote vinaweza kutoa karatasi inayofanana.

Kipimo cha pili ni cha protini inayotengenezwa na ini mwili unapokuwa na uvimbe au maambukizi, nayo huandikwa CRP. Iligunduliwa mwaka 1930 huko New York na watafiti William Tillett na Thomas Francis, waliokuwa wakichunguza damu ya wagonjwa wa nimonia. Kwa mtu mzima mwenye afya huwa chini ya miligramu 10 katika lita moja ya damu, na maabara nyingi huweka kikomo kwenye 5. Tofauti na chembechembe nyeupe, CRP huchelewa. Huanza kupanda saa 6 hadi 12 baada ya ugonjwa kuanza na hufika kileleni karibu na saa 48. Mtu aliyepimwa saa nne tu baada ya maumivu kuanza anaweza kuwa na CRP ya chini kabisa ilhali kidole tumbo chake kimekwisha kuziba.

Mfano wa kijana wa bodaboda

Mfano ufuatao si wa mtu fulani. Umetungwa ili kuonyesha jinsi madaktari wanavyosoma namba hizi.

Kijana wa miaka 19, mwendeshaji bodaboda karibu na Mau Summit, anahisi tumbo likimsokota pande zote za kitovu saa nne usiku. Anadhani ni chakula alichokula kibandani. Hataki kula tena, na kichefuchefu kinamsumbua. Saa moja asubuhi anafika kituo cha afya. Kipimo cha malaria hakionyeshi kitu. Tumbo likibonyezwa, hakuna mahali maalumu panapouma zaidi. WBC yake ni 7,800, ndani ya kiwango kilichochapishwa, na nyutrofili ni asilimia 70. Afisa wa kliniki anamwambia asiende mbali na arudi jioni hata akipata nafuu. Hilo la kurudi ndilo linalookoa maisha, na ndilo wagonjwa wengi hulisahau wakishaona neno "kawaida".

Kufikia adhuhuri maumivu yamehama kutoka kitovuni na kutua chini upande wa kulia. Ametapika mara mbili. Akipanda gari kurudi hospitalini, kila tuta la barabarani linamfanya ajikunyate. Huenda jambo hilo likachekesha, lakini limefanyiwa utafiti. Mwaka 2012 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilichapisha uchunguzi wa wagonjwa waliopita kwenye matuta wakielekea hospitalini. Kati ya 34 waliothibitishwa kuwa na ugonjwa wa kidole tumbo, 33 walisema matuta yaliwazidishia maumivu. Watu wengi wasio na ugonjwa huo pia waliumia, kwa hivyo tuta halithibitishi kitu. Lakini mtu aliyevuka matuta yote bila kuumia ana sababu ya kupumua kidogo.

Saa kumi jioni damu inapimwa tena. WBC sasa ni 12,400, nyutrofili asilimia 84, CRP 62.

Daktari anatumia mizani iliyotungwa na Alfredo Alvarado, daktari wa upasuaji huko Philadelphia, Marekani, mwaka 1986, baada ya kuchunguza rekodi za wagonjwa 305. Mizani hiyo ina alama 10. Maumivu yaliyohama hupewa 1, kukosa hamu ya chakula 1, kichefuchefu au kutapika 1, maumivu yakibonyezwa chini kulia 2, maumivu yanayochoma mkono unapoachiliwa ghafla 1, joto la mwili la nyuzi 37.3 au zaidi 1, chembechembe nyeupe kupita 10,000 alama 2, na nyutrofili kupanda alama 1. Asubuhi kijana huyu alikuwa na alama 2 tu. Jioni, ingawa joto lake ni nyuzi 37.1, ana 9.

Aliye na alama 4 au chini mara nyingi hana kidole tumbo. Mwenye 5 au 6 huchunguzwa zaidi na kuangaliwa. Kuanzia 7 daktari wa upasuaji anapaswa kumwona. Msomaji akijumlisha ataona kwamba damu inachangia alama 3 pekee kati ya 10. Saba zilizobaki zinatoka kwa maneno ya mgonjwa, kipimajoto na mikono ya anayempima.

Zipo mizani mpya zaidi. Moja ilitungwa Uswidi mwaka 2008, nayo huipa damu uzito mkubwa na kuiingiza CRP ndani ya hesabu. Lakini si kila kituo kina mashine ya CRP, na ile ya Alvarado inaweza kutumiwa popote penye hemogramu.

Kiwango cha kawaida cha nani?

Hapa ndipo wakaazi wa eneo hili wanapaswa kusoma polepole.

Kikomo cha 10,000 cha Alvarado kilitoka Philadelphia. Viwango vinavyochapishwa na mashine nyingi navyo vilitokana na damu za watu wa Ulaya na Amerika Kaskazini. Mwaka 2008 watafiti waliokuwa wakifanya kazi Kericho, jirani yetu wa upande wa magharibi, walichapisha viwango vya damu vya watu wazima wa hapo. Vipimo vya chembechembe vilifanywa kwa watu wapatao 1,541. Waligundua kwamba nyutrofili za Wakenya hao zilikuwa chache kuliko za watu wa Amerika Kaskazini: mtu wa katikati kabisa alikuwa na 1,850 katika kila maikrolita, na wengine walishuka hadi karibu 900. Mashine iliyopangwa kwa viwango vya kigeni ingewaandikia wengi wao alama ya upungufu, ilhali walikuwa watu wa kawaida wanaoendelea na kazi zao.

Sababu kubwa ni ya kurithi. Watu wengi wenye asili ya Afrika wana badiliko dogo la jeni ambalo huwakinga na aina moja ya malaria, ile ya vivax, na badiliko hilohilo huacha nyutrofili chache zikizunguka kwenye damu. Si ugonjwa, wala halipunguzi uwezo wa mwili kupigana.

Maana yake kwa kidole tumbo ni rahisi kuona. Mtu ambaye siku zote chembechembe zake nyeupe ni 3,800 akipimwa na kukutwa na 7,800, zimezidi mara mbili. Kwenye karatasi hakuna alama yoyote. Kijana wa bodaboda asubuhi ile huenda alikuwa hivyo, na hakuna aliyeweza kujua kwa sababu hakuwa na karatasi ya siku za afya ya kulinganisha. Kwa hiyo mkaazi aliyewahi kupimwa hemogramu kwa sababu nyingine, labda kliniki ya wajawazito au uchunguzi wa kazini kwenye mashamba ya maua, afadhali aihifadhi karatasi ile. Siku moja inaweza kuwa na thamani kuliko kiwango chochote kilichochapishwa.

Utafiti huohuo wa Kericho una funzo jingine. Madaktari wakati mwingine hutazama bilirubini, rangi ya manjano inayochujwa na ini, kwa sababu ikipanda kwa mtu mwenye kidole tumbo huashiria kwamba huenda kimekwisha kupasuka. Lakini kikomo cha juu cha bilirubini kwa watu wa Kericho kilikuwa mara 2.3 ya kile cha Marekani. Bilirubini iliyopanda kidogo kwa mkaazi wa hapa si ushahidi wa kupasuka. Ni sababu ya kumchunguza zaidi.

Wale ambao damu huwadanganya zaidi

Mama mjamzito huwa na chembechembe nyeupe nyingi hata akiwa mzima, na 13,000 kwake inaweza isiwe na maana yoyote. Zaidi ya hayo, mimba ikikua husukuma kidole tumbo juu, na maumivu yanaweza yasiwe pale yanapotarajiwa. Mwanamke yeyote wa umri wa kuzaa mwenye maumivu ya chini ya tumbo hupimwa ujauzito kwanza, hata akisema hakuna uwezekano, kwa sababu mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi huuma vivyo hivyo na huua haraka zaidi. Kuombwa mkojo si kumdharau.

Mkojo nao una mtego wake. Kidole tumbo kilichofura kinaweza kugusa mrija wa mkojo au kibofu, na chembe za usaha zikaonekana kwenye mkojo. Mgonjwa hupewa dawa za maambukizi ya njia ya mkojo na kwenda nazo nyumbani, ilhali tatizo liko kando tu ya njia hiyo.

Watoto wadogo hawawezi kueleza maumivu yalikoanzia, na kwao kidole tumbo hupasuka mapema. Wazee huwa na maumivu hafifu na homa ndogo, na damu yao hupanda kwa uvivu. Wanaotumia dawa za steroidi huonyesha chembechembe nyingi bila maambukizi. Wote hawa wanahitaji jicho la daktari, na mara nyingi picha ya ultrasaundi au ya CT.

Kisha kuna mazoea ya kusema "ni malaria" au "ni taifodi". Mji wa Nakuru uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,850 na malaria si nyingi, lakini watu husafiri, hasa kwenda Baringo na magharibi mwa nchi. Malaria kwa kawaida haipandishi chembechembe nyeupe. Mara nyingi huzishusha. Taifodi nayo huwa hivyo. Kipimo cha Widal kinachofanywa madukani na kwenye kliniki ndogo kinaweza kusoma chanya kwa mtu aliyewahi kuambukizwa zamani, na karatasi hiyo moja imewahi kumweka mtu kitandani akimeza dawa za taifodi huku kidole tumbo kikiiva. Mtu mwenye maumivu yaliyotua chini kulia na WBC ya 15,000 hafai kurudishwa nyumbani na jibu la Widal peke yake.

Kabla na baada ya karatasi

Mkaazi mwenye maumivu yaliyoanzia kitovuni na kuhamia chini kulia, yanayozidi akitembea au akikohoa, asile wala asinywe chochote isipokuwa mafunda madogo ya maji hadi atakapopimwa, kwa sababu huenda akahitaji kulazwa usingizi. Asinywe haluli wala dawa ya kuharisha ya aina yoyote, na asipigwe bomba la enema. Dawa za kutuliza maumivu zinazotolewa hospitalini hazimzuii daktari kugundua ugonjwa. Kinachodhuru ni kuzinunua, kupata nafuu na kulala.

Nafuu ya ghafla ndiyo ya kuogopwa zaidi. Kidole tumbo kikipasuka, shinikizo lililokuwa ndani yake huisha na maumivu hupungua kwa saa chache. Jamaa hufurahi. Kisha tumbo zima huwa gumu kama ubao, homa hupanda na mapigo ya moyo huenda mbio.

Ni kweli kwamba baadhi ya wagonjwa hutibiwa kwa antibiotiki pekee. Tafiti za Finland na Marekani zilionyesha kwamba wengi wao hawakuhitaji upasuaji katika miezi ya kwanza, ingawa Finland karibu 4 kati ya 10 walikuwa wamefanyiwa upasuaji ndani ya miaka 5. Wale wa Finland wote walipigwa picha kwanza kuhakikisha kidole tumbo hakijapasuka, na matibabu yao yalianza kwa dawa za mishipa chini ya uangalizi wa hospitali. Vidonge vya duka la dawa havimo katika hesabu hiyo. Huficha homa, hushusha CRP kidogo, na kumfikisha mgonjwa kwa daktari akiwa amechelewa.

Zahanati na kituo cha afya ni pa kuanzia. Upasuaji hufanywa katika hospitali zenye chumba cha upasuaji, na mgonjwa anayehitaji zaidi hupelekwa hospitali ya rufaa. Katiba ya Kenya, kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Usajili wa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, hufanywa kwa simu kwa kupiga *147#, na ni heri ufanywe mtu akiwa mzima kuliko langoni mwa hospitali usiku.

Anayepewa rufaa abebe karatasi zote za damu, ile ya asubuhi na ile ya jioni, hata kama ya kwanza ilikuwa "sawa". Daktari atakayempokea atataka kuona jinsi namba zilivyosonga. Juu ya kila karatasi iandikwe kwa kalamu saa damu ilipotolewa, na kando yake saa maumivu yalipoanza.